Mbona Anakatwa Mmoja Tu?

Nakumbuka mchana wa Jumapili moja, mwanangu, bibi mmoja kutoka milimani alilipa kiingilio cha banda la video hapa Same kwa chane ya ndizi mbivu. Mlinda mlango alikataa kwanza. Alisema hapa tunapokea hela, hatupokei matunda. Bibi akamuuliza, "Hela unanunulia nini?" Akajibu, chakula. "Basi nimekupunguzia safari," bibi akasema. Watu wakacheka, mlinda mlango akapokea ndizi zake, na bibi akaingia na kanga zake mbili na kitambaa cheupe cha kichwani alichotoka nacho kanisani.

Watani wetu husema Mpare hatoi shilingi mpaka aiulize inakwenda wapi. Waache waseme. Lakini bibi yule hakuja kwa sababu ya ubahili wala starehe. Alikuja kutazama filamu ya majambazi wa Kijapani ajue ni kitu gani ndani yake kilichomchukua mjukuu wake.

Naandika habari hii kwa sababu juzi niliwakuta ninyi vijana wa kijiwe cha bodaboda mmeinamia simu moja. Watu wa suti nyeusi, michoro mgongoni mpaka mapajani, mmoja amepiga magoti mbele ya mzee. Mmoja wenu akasema, "Mwana huyu, kwa bosi wake anakufa!" Nikaomba nafasi nami nitazame. Mkanisogezea kiti, na nikauliza maswali mengi mpaka mkachoka, mmoja akaniambia, "Babu, angalia kwanza, utaelewa mbele." Sikuelewa yote mbele, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moyoni.

Sijaja kuwakataza filamu, mwanangu. Nilizipenda nilipokuwa kijana, na nikiwa mkweli bado nazipenda. Elimu yangu iliishia darasa la saba, na kila jioni nikikaa kuandika najiuliza kama kuna mtu atakayesoma. Nikichanganya mpangilio unisamehe. Nitajitahidi tu nisimsingizie mtu, aliye hai wala aliyekwisha kulala.

Wakati huo nilikuwa naziba pancha kando ya barabara kuu, na rafiki yangu wa karibu alikuwa Senkondo, kijana wa Mbaga huko juu. Jumapili na sikukuu tulikuwa tunakwenda kwenye banda la video nyuma ya soko. Lilikuwa banda la mabati, jua la Same unalijua, ndani mnaiva kama mihogo. Mabenchi, televisheni moja, deki, na mtu wa kutafsiri akiwa na kipaza sauti. Jina lake Rama. Rama alikuwa hajui Kijapani hata neno moja, lakini kutafsiri alitafsiri. Jambazi akiwa mnene atasema, "Huyu katokea Makanya, hataki mchezo." Wakikimbizana atasema, "Wameshapita Hedaru hao!" utadhani wako kwenye barabara yetu hii. Tulimpenda mno. Filamu bila Rama ilikuwa kama ugali bila mboga.

Katika filamu ile kuna kijana yatima, stelingi wetu, anayeokotwa na mzee mkuu wa kundi la majambazi. Mzee anamlisha, anamvisha, anamwita mwanangu. Siku ya kumwingiza kundini wanakaa kwenye mikeka wote kimya, pombe inamiminwa kwenye kikombe kidogo kama cha kahawa, mzee anakunywa kidogo na kijana anamalizia. Kuanzia hapo wao ni baba na mtoto. Kundi likikosea, kijana anajikata kipande cha kidole chake, anakifunga kwenye kitambaa cheupe na kumpelekea mzee kwa mikono miwili. Na mwisho, mzee anapotafutwa na serikali kwa mauaji, kijana anakwenda kituoni kwa miguu yake, anasema, ni mimi. Hapo banda zima lilikuwa linasimama. Wengine walilia, na walikuwa watu wazima wenye ndevu.

Kwa nini tulilia? Nimejiuliza miaka mingi. Nadhani ni kwa sababu kila mmoja wetu alitamani kuwa na mtu wa kumfia. Ujana ni hivyo, mwanangu, una nguvu nyingi na haujui pa kuzitua.

Senkondo alikuwa na pa kuzitua. Mjini hapa alikuwepo mfanyabiashara mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Vijana tulimwita Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa yeyote kati yetu. Nyuma ya saruji na misumari alikuwa na biashara nyingine ya mirungi, majani yale ya kutafuna ambayo serikali imeyakataza. Yalishuka kutoka milimani yamefunikwa kwa majani ya migomba na mifuko ya tangawizi, yakaishia mbali sana na hapa. Senkondo alikuwa mmoja wa wapakiaji wake.

Sasa nataka nimtendee haki mtu huyu, maana ni rahisi kumchora na mapembe. Mama yake Senkondo alipofariki, Mjomba ndiye aliyetoa gari la kupandisha mwili mlimani, mvua ikinyesha na barabara imekatika. Alishuka kusukuma gari yeye mwenyewe, viatu vyake vizuri vikajaa tope. Mgonjwa akikwama alimpeleka hospitali Gonja bila kuuliza ni wa kanisa gani au msikiti gani. Wahenga walisema hisani haiozi, na kwa Senkondo haikuoza. Alikuwa anaitazama kila siku.

Basi gari la Mjomba likakamatwa na mzigo. Dereva akaruka akapotelea kwenye mkonge. Polisi wakawa wanatafuta mwenye mzigo, na harufu ikawa inaelekea dukani. Ndipo Mjomba alipomwita Senkondo, akamfungulia bia, akanywa funda moja kwenye chupa ileile na kumpa amalizie. Akamwambia, "Wewe huna mke wala mtoto. Mimi nikiingia ndani, watu wangapi watalala njaa? Jumatatu nenda kituoni, sema mzigo ni wako. Wakili nitaweka. Bibi yako nitamtunza kama mama yangu. Siku ya kutoka utanikuta getini."

Senkondo alinisimulia huku uso unang'aa. Mwanangu, unang'aa! Kama mtu aliyeitwa kwenye kazi ya serikali. "Umeona?" akaniambia. "Kanywa kwanza, kanipa nimalizie. Kama vile vile."

Nilitaka kumwambia kitu, lakini nikawa sijui ni kitu gani. Nikimwambia usiende, je, wema wa Mjomba utalipwa na nani? Nikimwambia nenda, je, mimi ndiye nitakayelala ndani? Nikanyamaza. Mpaka leo sijui kama kunyamaza kule kulikuwa busara au woga, kwa hiyo jambo hilo siliandiki kwenye upande wowote.

Wala si mimi niliyemwita bibi. Senkondo mwenyewe alimwita bila kujua. Alimpelekea huko Mbaga, kwa mtu wa Landrova, mfuko wa sukari, sabuni za miche na doti ya kanga mpya. Bibi Nakijwa, ndilo jina lake, alikuwa amemlea mjukuu huyu tangu akiambaa ukuta. Alipofungua mzigo hakufurahi hata kidogo. Alitujia Jumamosi yake na kikapu kichwani, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajakaa akasema, "Mtoto wangu hajapata kuninunulia kanga hata ya Krismasi. Mtu anayegawa namna hii ama anaoa ama anaaga. Mchumba simwoni hapa. Unakwenda wapi?"

Senkondo hakuweza kumdanganya. Akamwambia yote, na kwa kuwa alikuwa anajivuna nayo, akamwambia na filamu pia: kikombe, kidole, na kijana aliyemwokoa baba yake.

Nilikaa nasubiri matusi. Mimi bibi yangu angeshachukua mwiko. Bibi Nakijwa akakuna shavu, akauliza, "Hao Wajapani wananywa nini? Dengelua?"

"Pombe ya mchele, bibi."

"Ya mchele! Inalewesha?"

"Sijui, bibi."

"Na anayetoa kikombe ndiye anaonja kwanza?"

"Ndiyo."

"Ahaa. Kumbe ni watu." Akafikiri kidogo. "Nataka kuiona hiyo filamu. Inaoneshwa wapi?"

Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu, kwamba Jumapili ile tulimsindikiza bandani baada ya ibada, na ndizi zake zikamlipia. Tulikaa benchi la mbele kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu. Rama alipomwona akababaika, akaanza kutafsiri kwa adabu kama anasoma somo kanisani. Watu wakapiga kelele, "Rama, umeokoka lini?"

Bibi aliuliza kila kitu, na kwa sauti. Kijana huyu ni wa nani? Mama yake yuko wapi? Hawa wote wamekaa tu, shambani anakwenda nani? Kwa nini wamechorwa mgongoni wakati mwenyewe mgongo wake hauoni? Mwanzoni watu waliguna. Baadaye, nakuapia, wakawa wanangoja maswali yake kuliko filamu. Kuna mahali mzee wa majambazi alikunja uso, Rama akasema, "Hapo anasema, nitawamaliza wote!" Bibi akamkata, "Mbona mdomo ameufumba?" Banda likaanguka kwa kicheko.

Na usidhani alikuja kuibeza. Kikombe kilipoletwa alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Ameonja kwanza," akasema. "Huyu mzee amelelewa." Maana kwetu anayekukaribisha dengelua, pombe yetu ya miwa, huonja yeye kabla hajakupa, ili ujue humo hamna ubaya. Alimpenda mzee yule. Alisema anafanana na marehemu mumewe, isipokuwa marehemu alikuwa mweusi na hakuua mtu.

Kisha kikaja kidole. Kijana akaweka mkono mezani, akauma meno, akakata. Akafunga kipande kwenye kitambaa, akampelekea mzee, mzee akapokea.

"Sasa na mzee anakata," bibi akasema, akisubiri.

Rama akasema, "Hapana, bibi. Bosi hakatwi."

"Hakatwi?"

"Hakatwi."

Bibi akageuka, akawatazama waliokaa nyuma yetu, watu wote wale, kama anayetafuta mtu mzima wa kumsaidia. Akauliza, "Mbona anakatwa mmoja tu?"

Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nisizoweza kuzihesabu, na swali hilo halijapata kunijia. Wewe ungejibu nini?

Maana sisi Wapare tulikuwa na kuchanjiana, mwanangu. Ninyi hamkuikuta, na makanisa na misikiti iliikataza, sina ugomvi nayo. Watu wawili wasio ndugu wakitaka kuwa ndugu walikaa mbele ya wazee. Huyu akachanjwa hapa kifuani, na yule akachanjwa hapa kifuani. Damu ya huyu ikapakwa kwenye kipande cha ini, yule akala. Ya yule, huyu akala. Na mzee akasema maneno mazito juu ya wote wawili: ukimwacha mwenzako kwenye shida, ukoo wako uyaone haya na haya. Hapakuwa na kuchanjwa peke yako. Mtu aliyechanjwa peke yake kwetu si ndugu, huyo ameumia tu.

Filamu ikaendelea. Kijana akaenda kituoni, akafungwa, mlango wa chuma ukafungwa, na picha ikaanza chenga. Ilikuwa hivyo siku zote, mkanda uliishia hapo. Rama ndiye aliyekuwa anatumalizia kwa mdomo, na akaanza: "Miaka imepita. Stelingi anatoka. Getini kuna gari jeusi, bosi anamngoja na wanawe wote, anamkumbatia, anampa binti yake amuoe..."

"Umeiona?" bibi akauliza.

"Nini, bibi?"

"Hiyo ya getini. Umeiona kwa macho yako?"

Rama akashusha kipaza sauti. Alikuwa mtu mwema Rama, na mbele ya kitambaa kile cheupe cha kanisani sidhani kama kuna ambaye angesema uongo. "Bibi, mkanda ulikuja umekatika hivyohivyo. Mwisho nimetunga mimi. Watu hawatoki bandani bila mwisho, watadai kiingilio chao."

Simlaumu. Muuza hadithi sharti awe na mwisho. Nami sijapata kuujua mwisho wa kweli wa filamu ile. Nimewauliza watu, nimemuuliza hata mjukuu wangu aitafute kwenye simu, lakini jina silijui, na Wajapani wametengeneza nyingi. Huenda mzee alikuwepo getini kweli. Siwezi kusema hakuwepo.

Tulipotoka nje, jua likatupiga usoni, na Senkondo alikuwa amekasirika. "Bibi, Rama si Mjomba," akasema. "Rama katunga. Mjomba ameniahidi mwenyewe, kwa mdomo wake. Alimzika mama. Au umesahau?"

"Sijasahau," bibi akasema. "Viatu vyake niliviosha mimi lile tope. Umesema kweli, Rama si Mjomba. Basi twende kwa Mjomba tukamuulize mwisho."

Njiani alisimama kwenye kioski akanunua wembe mpya. Nilikuwa nimembebea kikapu, na wembe ule akaniwekea humo ndani.

Mjomba alikuwa nyumbani kwake, sebuleni, na mwanawe wa kwanza anasoma mezani, kijana wa kidato cha nne. Mjomba alisimama alipomwona bibi. Akamwamkia kwa heshima, "Shikamoo, mama." Soda ikaletwa. Bibi akaishukuru, akainywa yote taratibu, akafuta mdomo.

"Nasikia wanakuita Mjomba," akasema.

"Vijana tu, mama. Wamezoea."

"Mjomba wa Senkondo nimemzaa mimi, yuko Mbaga analima tangawizi. Wewe nilikuzaa lini?"

Mjomba akacheka, na bibi akacheka, na mimi nikafikiri, labda itakwisha hivi, kwa utani. Lakini bibi akaendelea kwa sauti ileile ya chini.

"Sikuja kugomba. Ulinizikia mwanangu, na mla cha mwenzie na chake huliwa. Ukimtaka mjukuu wangu akakae ndani badala yako, mimi simzuii. Yeye mwenyewe anataka. Lakini mtu hafi kwa ajili ya mtu asiyeunganika naye. Nimekuja tuwaunganishe vizuri, kwa mila." Akaingiza mkono kikapuni, akaweka wembe mezani, bado uko kwenye karatasi yake. "Mchungaji akisikia, nitatubu. Twende mlimani sasa hivi, wazee wapo. Wewe utachanjwa, na mjukuu wangu atachanjwa. Na kwa kuwa yeye anatoa ujana wake, na wewe lete ujana. Mwanao huyu tutamchanja pia. Wazee waseme juu yetu wote: Senkondo akiachwa kule ndani, akisahauliwa, akikosa mtu getini, liwakute na hawa. Tukimaliza, nitampeleka kituoni mimi mwenyewe."

Mwanawe Mjomba alikuwa ameacha kuandika.

Mjomba akautazama wembe. Feni ya juu ilikuwa inazunguka na kulia. Akasema, "Mama, huyu mtoto hajui lolote katika mambo haya."

"Na wangu anajua nini?" bibi akasema.

Hakupaza sauti. Ndiyo maana naikumbuka mpaka leo. Angepaza sauti, Mjomba naye angepaza, na wangekuwa wawili wanaogombana. Lakini swali lilikuwa limewekwa mezani pamoja na wembe, na hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

Mwanangu, mtu yule alikuwa amewadanganya polisi, amewadanganya watu wa ushuru, huenda na mkewe. Angeweza kumdanganya bibi kizee mmoja. Lakini kiapo cha damu kilikuwa kinamwogopesha kuliko gereza. Aliinua mkono, nikadhani anachukua wembe. Akausukuma, taratibu kabisa, ukarudi upande wa bibi.

"Siwezi, mama," akasema. "Kwa hili siwezi kukudanganya."

Kisha akamtazama Senkondo, akamwambia, "Nenda na bibi yako."

Senkondo hakuondoka hapo hapo. Alisimama anamtazama Mjomba, na uso ule uliokuwa uking'aa ukawa kama moto uliomwagiwa maji. Akasema, "Lakini uliniahidi." Hakusema, nilikuahidi kwenda. Alisema, uliniahidi. Mjomba akainamisha kichwa. Nami nilipoona kichwa kile kimeinama, nilimhurumia, na sioni haya kuandika hivyo. Kumpenda kijana yule alimpenda kweli. Ila hakumpenda kiasi cha wembe.

Jumatatu Senkondo hakwenda kituoni. Kuhusu Mjomba, wengine walisema alijisalimisha mwenyewe, wengine walisema alilimaliza jambo kwa njia zake. Duka lilifungwa muda mrefu, kisha likafunguliwa na saruji peke yake. Zaidi ya hapo sikuona, na nisichokiona siandiki.

Usifikiri Senkondo alimshukuru bibi yake. Hakuzungumza naye kwa msimu mzima wa maharage. Aliniambia, "Wamenigawana kama nyama ya sikukuu. Hakuna aliyeniuliza." Na alikuwa na haki yake katika hilo, nami nilimwambia. Bibi nilipomfikishia maneno hayo akasema, "Anikasirikie. Anikasirikie akiwa nje." Hakusema zaidi, akarudi kwenye migomba yake.

Senkondo akawa anakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kununua samaki na kuwapandisha milimani, akaoa, akazaa. Siku moja, tumeshakuwa wazee wote wawili, tumekaa tunasubiri gari, akaniambia ghafla bila mimi kuuliza, "Ningekwenda, unajua."

"Najua," nikasema.

"Na nisingejuta siku ile. Ningejuta baadaye, ndani, wakati yeye hajui tena siku yangu ya kutoka."

Basi mwanangu, haya ndiyo niliyotaka kukwambia tangu juzi, na sikupata maneno mbele ya wenzako. Uaminifu ni kitu kikubwa. Wanaokwambia ujiangalie nafsi yako tu wanakupoteza, maana akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kijana asiyeweza kusimama na mtu kwenye shida hana atakayesimama naye. Kwa hiyo simama. Aliyekuzikia mama yako usimpite njiani kama hukumwona. Lakini siku mtu atakapokuita mwanangu, au mdogo wangu, akakufungulia bia na kukuomba mkono wako, usitazame macho yake tu. Tazama na mkono wake uko wapi. Muulize mbele ya watu, mchana, pasipo hasira: na wewe unaweka nini? Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa shukrani. Aliye ndugu yako kweli atafurahi umeuliza. Asiye ndugu atasukuma wembe, na hapo usimchukie, mshukuru kwamba hakukudanganya, uende nyumbani.

Mwisho wa jambo usiupokee kwa mdomo wa mtu ambaye hajauona, hata akiwa na sauti tamu.

Na kuna la pili, ambalo naliogopa zaidi, kwa sababu ninyi mna akili na siku moja baadhi yenu mtakuwa wakubwa wa watu. Vijana watawaita mjomba na baba. Watakuwa tayari kuwafia, uso unang'aa. Siku hiyo ukitaka kumtuma mtoto wa mwenzio mahali, mwite kwanza wako, msimamishe hapo mezani, umtazame. Ukiona moyo unakataa, basi na yule wa mwenzio mwache.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watu wa kusimama nao na watu wa kusimama nawe. Mvua ikukute umekwisha kupanda, ugeni ukukute una akiba, na uzee ukukute kwako, wanao wakigombana nani akuletee maji. Amina.